Hamira Tuliyoishibisha

Ninyi mna jokofu linalopiga king'ora likipata joto. Sisi tulikuwa na Ekai. Umeme ukikatika Lodwar, Ekai alitoka nje, akatazama juu kana kwamba waya zilikuwa zimekatikia mawinguni, kisha akarudi ndani na kutangaza, "Daktari, hamira yako imeanza kuoga." Hicho ndicho kilikuwa king'ora chetu, na hakikuhitaji betri.

Mmeniomba niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa kabla ya mashine zenu hizi zinazosoma jeni huku mwenyewe uko kantini. Nani alipandishwa cheo na lini, hayo yamo kwenye mafaili, na yabaki humo humo. Mimi nitawaeleza habari za kiumbe kimoja tu, hamira ya mkoma, ule mti wa jamii ya mitende, ambayo miaka ya tisini nusura itufie mikononi. Haikukaribia kufa kwa njaa. Ilikaribia kufa kwa shibe.

Niliteremka Lodwar mchana, nimevaa koti la suti. Mama yangu ndiye aliyesema mtu haendi kazini mara ya kwanza kama anakwenda shamba. Kabla sijafika kwenye mlango wa maabara, koti lilikuwa limenikumbatia kama mtu anayezama. Maabara yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya ofisi nyingine, paa la mabati, na mlangoni alisimama mwanamume mrefu anayechokonoa meno kwa kijiti cha mswaki. Huyo ndiye Ekai, fundi wa maabara, mwenyeji wa pale pale Lodwar.

"Ejok," akanisalimu.

"Ejok," nikajibu. Lilikuwa neno pekee la Kiturkana nililofundishwa na dereva.

"Wewe ndio daktari mpya?"

"Ndiyo. Ila shahada yenyewe sijamaliza, bado..."

"Daktari ya watu ama ya mbuzi?"

"Ya hamira."

Ekai akaondoa mswaki mdomoni. "Hamira inaumwa nini?"

Tangu siku ile nimekaa mbele ya watahini wengi wenye miwani mizito, na sijaulizwa swali gumu kuliko hilo. Habari ilienea haraka kwamba daktari amekuja, na asubuhi yake mzee mmoja aliniletea mbuzi aliyevimba kiwele. Nilimwambia sijui kutibu mbuzi. Akamgeukia Ekai, wakazungumza, wote wawili wakanitazama kwa huruma. Sikuwahi kutafsiriwa walichosema, na sikuomba.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba vitabu vyangu viliandikwa mahali penye baridi. Vilisema hamira huoteshwa kwenye kabati la joto, nyuzi thelathini. Lodwar tulihitaji kabati la kushusha joto hadi thelathini. Tulikuwa na mtungi mkubwa wa udongo uliozungushiwa gunia lenye maji, na visahani vyetu vilikaa ndani yake kama viazi. Vyombo tulivichemsha kwa sufuria ya presha juu ya jiko la makaa. Waya wa kuchotea hamira Ekai aliutengeneza kutokana na waya wa jiko la umeme lililoharibika, na ulikuwa bora kuliko ule ulioagizwa ng'ambo, ambao uliyeyuka siku ya kwanza. Ukiuliza kwa nini nautaja waya, ni kwa sababu nimeona mmoja wenu akitupa waya mzima eti umepinda.

Aliyetuajiri sote wawili alikuwa Profesa Zuhura, mzaliwa wa Lamu, mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi shingoni. Alikuja Turkana kwa likizo ya juma moja, akaonja tunda la mkoma lililochacha juani kwenye kingo za mto Turkwel, na hakurudi Nairobi ila kwa kuchukua vitabu vyake. Alitucheka wote. Mimi, alisema, Kiswahili changu cha bara ni kama mtu anayetafuna mchanga. Ekai alisema yeye Kiswahili alikipata kwa polisi na wachuuzi, kwa hiyo asilaumiwe.

"Nyote wawili ni hasara tu," alisema Profesa, "lakini mikono yenu mitulivu. Maneno nitawafunza."

Somo lake la kwanza lilikuwa la pua. Alinikataza kugusa hadubini mpaka niweze kuzitambua hamira zetu kwa harufu, macho yamefungwa. "Kabla hujaiuliza swali, mwanangu, ijue." Nilinusa mirija hadi nikaanza kunusa na chai ya watu. Hamira ya mkoma ilikuwa na harufu ya maganda ya ndizi yaliyoachwa kwenye gari, na kwenye kisahani koloni zake, yale madoa ya seli zilizoota pamoja, zilikuwa na mikunjo, kama zulia lililosukumwa kwa mguu. Hamira nyingine zote zilikuwa laini.

Sasa, kwa walioingia maabara juzi, nieleze tulichokuwa tukikitafuta. Seli ya hamira imezungukwa na utando wa mafuta. Mafuta mengine ni magumu, kama samli ya asubuhi huko kwenu milimani. Mengine ni laini, kama mafuta ya kupikia. Seli inahitaji yote mawili kwa kipimo chake. Iko jeni moja inayotoa kimeng'enya cha kulainisha yale magumu. Ukiimwagia seli mafuta laini kutoka nje, inaifunga jeni ile mara moja, kama kijana aliyerudi kwa mama yake: akiona sahani imeshapakuliwa, njia ya jikoni anaisahau. Ukiinyima, inaifungua tena, taratibu, kwa kunung'unika. Hamira ya mkoma haikunung'unika. Ukiinyima mafuta, hata katika joto ambalo hamira za dukani zinakufa, ilifungua jeni yake upesi kuliko yoyote tuliyowahi kuiona. Tulitaka kujua kitasa chake kina nini. Kitasa hicho ndicho kilikuwa tasnifu yangu yote, na ndicho Profesa alichokuwa amewatangazia wenzake Nairobi, waliotabasamu kwa adabu na kusema watakuja kuona kwa macho yao.

Mafuta tuliyotumia yalikuwa ya zeituni. Lodwar ya siku zile mafuta ya zeituni yaliuzwa mahali pamoja tu, kwenye duka la dawa la Mama Sahra, katika vichupa vidogo vya kupaka watoto wachanga. Nilipoenda mara ya kwanza alinipa kichupa na kunitakia heri.

"Wa kike au wa kiume?"

Ningeweza kumweleza habari za utando na jeni. Foleni nyuma yangu ilikuwa ndefu. "Wa kike," nikasema.

Kuanzia hapo kila nilipoingia dukani aliuliza, "Mtoto anaendeleaje, daktari?" nami nikajibu anaendelea vizuri. Aliniuliza kama analala. Aliniuliza kama ameota jino. Alinionya kwamba mafuta mengi hivyo yatamtoa vipele. Mimi nilikuwa kapera ninayeishi chumba kimoja na baiskeli, na mji mzima ulijua, kwa hiyo ukazuka uvumi kuhusu mama wa mtoto, na Ekai, ambaye angeweza kuuzima kwa neno moja, aliulisha. "Anafanana na yeye kabisa," aliwaambia watu. "Kichwa tu."

Karibu na wakati huo ndipo Profesa alipofanya jambo lililotuudhi. Alikwenda Kakuma kumtembelea rafiki yake aliyefanya kazi kwenye zahanati ya kambi, akanunua mkate kwa mwanamke mmoja mkimbizi kutoka kusini mwa Sudan, aliyeitwa Mama Achol. Mkate ulikuwa bapa na mgumu. Hamira ya pakiti ilifika Kakuma imeshakufa, imekaa juani kwenye malori na kwenye mabati ya maduka. Mama Achol alikuwa na watoto wa kulisha na tanuri alilolijenga mwenyewe kwa udongo na makopo ya mafuta ya mgao yaliyopondwa yakawa bapa, na alikuwa akiuza mkate ambao watu waliununua kwa kumhurumia. Profesa akarudi Lodwar, akachota hamira ya mkoma, akaiweka kwenye mrija, akaipeleka.

Nililalamika. Nilisema hamira yetu haijachapishwa popote, haina hata jina, na sasa itakuwa ikiuzwa kwa kipande.

"Itakuwa ikila na kufanya kazi," akasema Profesa. "Jambo ambalo wewe unalifanya nusu."

Tukasahau. Miezi ikapita. Hamira ya mkoma ilioteshwa, ikahamishwa chakula kipya, ikaoteshwa tena, na kwa agizo la Profesa mwenyewe ilipewa mafuta ya zeituni kila mara. Sababu ilikuwa nzuri: kila jaribio lilianza na hamira iliyoshiba, kwa hiyo kwa nini tusiiweke katika shibe moja kwa moja na kuokoa muda? Isitoshe ilipendeza. Ilijaa mirija kama siagi. Wageni tuliwaonyesha. Hata ile mikunjo ya koloni zake ilipoanza kupungua, tulisema imependeza zaidi.

Kisha wale wenzake wa Nairobi wakatuma salamu kwamba wanakuja. Profesa akasema tufanye jaribio lote mara moja kabla hawajafika. Tukaiosha hamira mafuta yote, tukaiweka kwenye chakula kitupu, kwenye rafu ya nje karibu na mabati ambako joto halikuhitaji mashine, tukasubiri ifungue jeni yake.

Haikufungua kitu. Haikukua, haikuchacha, haikutoa harufu. Tulirudia. Tulibadilisha maji. Nililaumu chumvi, Profesa akanilaumu mimi, Ekai akalaumu presha ya sufuria. Mwishowe Profesa akadondosha tone moja la mafuta ya zeituni kwenye mrija, na kesho yake mrija ukajaa. Akavua miwani.

"Imesahau," akasema.

Haikuwa imesahau, bila shaka, seli hazisahau. Katika mabilioni ya seli, chache huzaliwa jeni ile ikiwa imeharibika. Porini, seli kama hizo zinakufa siku hiyo hiyo. Kwetu zilikuta meza imeandaliwa. Hazikupungukiwa na chochote, na kwa kuwa hazikupoteza nguvu kwenye mitambo isiyotumika, zilizaana kuliko wenzao wazima, tukazichota, tukazihamisha, tukazichota tena, mpaka mirija yote ikawa ya ukoo wao. Tulikuwa tumeajiri maabara nzima, watu watatu na mtungi, kazi yake kuondoa kwa uangalifu kitu kile kile tulichokuja kukichunguza.

Akiba ya kwenye jokofu? Jokofu liliyeyuka na kuganda kila umeme ulipokatika, na Ekai alikuwa ametangaza kila mara. Tulifungua mirija ya akiba yote. Hakuna kilichoota. Nakala iliyokuwa Nairobi tulikuwa tumeipeleka sisi, kutoka kwenye shibe hiyo hiyo. Ekai akaenda Turkwel na magunia mawili, akarudi na matunda ya mkoma yaliyooza. Tukapata hamira za kila aina, zote laini. Gunia la pili mbuzi walilimaliza kabla hatujalifungua. Nilianza kumwandikia mama yangu kwamba huenda ningerudi nyumbani kufundisha shule. Bila ile hamira tasnifu yangu ilikuwa masimulizi, na Profesa alikuwa mwanamke aliyewaambia watu kuhusu tunda.

Ni Ekai aliyemtaja Mama Achol, na hakumtaja kwa hekima. Alikuwa na njaa. "Leo ningepata ule mkate wa Kakuma," alisema.

Hamira ya mkate ule ilikuwa yetu, ya kabla ya shibe.

Siku zile mtu hakuondoka Lodwar kwenda Kakuma kama anavyotaka. Magari yaliondoka kwa msafara, askari mbele na nyuma. Tulikaa katikati ya malori ya mahindi, pikapu yetu ikila vumbi la wote. Magotini nilikuwa nimeshika sanduku la barafu.

"Hamira inapenda jua," Ekai akasema. "Inaishi kwa tanuri. Wewe unailetea barafu."

"Ni utaratibu."

"Sawa. Tumeona utaratibu."

Njia nzima Profesa hakutusahihisha Kiswahili hata mara moja. Tulipofika, Mama Achol alikuwa amekaa juu ya mtungi wa plastiki mbele ya tanuri lake, mrefu hata akiwa amekaa, anakanda. Mkono mmoja ulikuwa kwenye unga. Wa pili ulishika kopo la mafuta ya mgao, na mafuta yalikuwa yakimiminika.

Kwenye barabara ile sikuogopa majambazi. Niliogopa lile kopo. "Usitie!" nikapiga kelele.

Mama Achol alisimamisha mkono, akanitazama, kisha akamtazama Profesa. "Mama Profesa, huyu mtu iko mgonjwa?"

"Kidogo," akasema Profesa. "Salamu tutapeana baadaye, dada. Hayo mafuta ya nini?"

"Ya mandazi. Kanisa iko na sherehe. Mkate mimi hapana tia mafuta, mafuta nabadilisha na kuni." Akaonyesha kwa kidevu ndani ya nyumba, ambako bakuli lilikuwa limefunikwa kwa kitambaa kilichotariziwa maua. "Chachu iko kule. Iko mzima. Nyinyi nataka nini?"

Profesa alirekebisha miwani ambayo haikuhitaji kurekebishwa. "Twaomba tonge," akasema. "Moja tu."

"Ya hii? Ile wewe nalinipa?"

"Hiyo."

"Na yenu?"

Ekai akainama kukagua tairi. Mama Achol akaweka kopo chini. Alikuwa na uso wa mtu anayeanza kufurahi.

"Yenu nalikufa? Na umeme? Na friji? Na huyu daktari?"

"Haikufa," Ekai akasema. "Ilinenepa. Haiwezi kusimama."

Mama Achol alicheka mpaka jirani akachungulia. Kisha akasimama ghafla, akajiweka mlangoni. "Mnachukua yote? Watu nasema wanaleta mkate ya lori, tanuri ya wakimbizi inafungwa. Nyinyi iko pamoja na hao?"

"Hatuko na mtu," akasema Profesa. "Tumekuja kukopa. Tukiitunza vibaya tena utatucheka. Yako ikiharibika utakuja kwetu uchukue, siku yoyote, na huyu kijana atakubebea mwenyewe."

"Na sanduku yake ya barafu?"

"Bila sanduku."

Akafikiri, kisha akatoa bakuli. Nilinusa. Maganda ya ndizi, lakini chini yake unga, moshi na mambo mengine mengi. Nikamuuliza jinsi anavyoitunza, akasema kila anapokanda hurudisha tonge moja bakulini.

"Tonge la mkate au la mandazi?"

"Tonge," akasema Mama Achol, akishangaa. "Lile nabaki mkononi."

"Na mandazi umeanza lini?"

"Tangu sherehe nataka kuja."

Kwa hiyo hatukujua. Huenda bakuli lile lilikuwa limekula unga mtupu miezi yote. Huenda lilikuwa limeonja mafuta kiasi cha kuharibika kama letu. Tulirudi na tonge limefungwa kwa karatasi ndani ya mfuko wa shati la Ekai, na sanduku la barafu likiwa na mkate tuliouziwa kwa bei ya wageni. Mkate ule ulikuwa umeumuka vizuri. Nilimwambia Profesa hiyo ni dalili njema. Akasema mkate si jaribio, akakata kipande cha pili.

Tulisambaza tonge kwenye visahani visivyo na mafuta, tukaviweka kwenye ile rafu ya mabati. Profesa alitukataza kuvifungua. Alikaa kwenye kiti mbele ya rafu akijifanya anasoma. Ekai alifagia chumba kilichokwisha kufagiwa. Mimi nilienda msalani mara nyingi kuliko mwili ulivyohitaji, kwa sababu njia ya msalani ilipita kwenye rafu.

Vilipofunguliwa, visahani vingi vilikuwa vitupu. Vijidudu vingine vyote vya bakulini vilikuwa vimeshindwa na joto na njaa. Kisahani kimoja kilikuwa na madoa meupe machache pembeni. Profesa alikipeleka kwenye mwanga, akakinusa, kisha akaniletea puani. Nilifumba macho jinsi alivyonifunza. Nilipoyafumbua nikaona mikunjo.

"Haya," akasema. "Hiyo ndiyo. Mafuta yafungiwe kabatini, na ufunguo apewe Ekai."

Wale wa Nairobi walikuja, wakaona, wakaondoka wakitabasamu kwa namna nyingine. Filamu za jeni ile, nilizozisafisha gizani chuoni Nairobi, zilitoa mstari mweusi, alama ya kufunguka kwake, mahali ulipotakiwa, na tasnifu ikaandikwa. Kitasa kile tulikielewa nusu. Nusu ya pili mnayo ninyi. Mama Achol alikuja Lodwar mara moja tu kudai deni lake la chachu, mvua zilipojaza mto na maji yakaingia nyumbani kwake. Nilimbebea mwenyewe mpaka Kakuma, mfukoni. Na mnapolalamika kwamba hamira zetu hapa hupitishwa kwenye chakula kitupu kabla ya kila jaribio, na kuuliza nani alianzisha adhabu hiyo, sasa mnajua.

Bado kulikuwa na Mama Sahra. Nilikuwa sijaingia dukani kwake kwa muda mrefu, mpaka siku nilipoumwa kichwa nikafuata vidonge. Alinipa, kisha kwa mazoea akanyoosha mkono kwenye rafu ya vichupa vya zeituni.

"Hapana, mama," nikasema. "Hayo sitayahitaji."

Mkono wake ukasimama hewani. Katika mji ule, mtu akiacha ghafla kununua mafuta ya mtoto, watu wanaogopa kuuliza.

"Mtoto," akasema polepole. "Mzima?"

Nilimtazama mama yule aliyemwombea binti yangu meno na usingizi, nikaona kwamba kweli alikuwa na hofu, na kwamba hofu ile nilikuwa nayo mimi pia majuzi tu, kwenye njia ya msalani.

"Mzima kabisa, Mama Sahra," nikamwambia. "Anapika mwenyewe."

"Alhamdulillahi," akasema, akakirudisha kichupa. Kisha akaanza kuhesabu miezi kwa vidole, nami nikachukua vidonge vyangu nikatoka kabla hajafika mwisho.